Mwethya wa Kamera

Mikuyuni ni mtaa mdogo wa mabati mekundu unaopanda kilima nyuma ya soko la Machakos, na mimi Zuleha ndiye ninayewapikia watu wake kahawa. Benchi langu liko chini kabisa, kwenye kona ya barabara kubwa, mbele ya kibanda cha matairi. Kutoka hapo mtaa wenyewe huuoni kwa sababu ya mikaratusi, lakini habari zake zote unazipata. Kahawa yangu ina tangawizi ya kumwamsha hata jirani wa mnywaji. Babu yangu alitoka Lamu, mama yangu alizaliwa hapa hapa, na watu wakiniuliza kama mimi ni Mswahili au Mkamba huwajibu kwamba mimi ni wa Mikuyuni, na asiyeridhika akanywe chai kwingine. Jumamosi hiyo alasiri benchi lilijaa hadi watu wakakalia matairi. Mtaa mzima ulikuwa umeshuka, kila nyumba, kila mtu na simu yake mkononi ikiwa imejaa chaji kama walivyoagizwa.

Aliyeagiza ni Ngui, tunayemwita Mwenyekiti. Hakuna aliyemchagua. Alistaafu kazi ya kiwandani kule Athi River, akarudi nyumbani na sauti aliyozoea kushindana nayo na mashine, na mtu mwenye sauti ile cheo anajipa mwenyewe. Ndiye aliyetushawishi tununue kamera za waifai kwa pamoja, aina moja, nyumba zote. Tangu hapo tunatembea mjini tumenyoosha shingo. Mitaa mingine ina mbwa wanaolala mchana. Sisi tuna macho ukutani. Ukisema sokoni kwamba unatoka Mikuyuni, watu wanakuangalia mara mbili, na mimi hupenda sana kuangaliwa mara mbili.

Sasa wiki hiyo kamera zote zilikuwa zimetuma ujumbe mmoja kwenye simu zetu: kuna apdeti.

Mwenyekiti: Watu wa Mikuyuni! Hii kazi tutaifanya mwethya!

Watu wakapiga makofi. Mwethya ni desturi ya Ukambani ya watu kutoka wote kwa pamoja kufanya kazi moja. Filimbi inalia, kila nyumba inatoa watu, majembe yanashuka kwa mpigo mmoja, na asiyetokea atasemwa mpaka wajukuu wake waone haya. Mabwawa ya mchanga kule Mwala yalijengwa hivyo, na matuta yote unayoyaona kwenye vilima vyetu. Kamera hazijawahi kufanyiwa mwethya popote duniani, alisema Mwenyekiti, na sisi tungekuwa wa kwanza.

Mwenyekiti: Mnara, waelezee watu.

Mnara ni Muli, mwenye kibanda cha matairi. Ni mrefu, ana simu mbili, na laini ya waifai ya mtaa mzima inaanzia nyumbani kwake. Kwa hivyo mambo ya kamera tunamsikiliza yeye, ingawa matairi yake siyaamini.

Mnara: Sikizeni vizuri. Hii si apdeti ya simu. Ni ya kamera yenyewe, ile programu iko ndani yake. Inaitwa famwea.

Mama mmoja tunayemwita Redio akadakia.

Redio: Famwea ni nini sasa?

Mnara: Ni akili yake. Kamera bila famwea ni plastiki na kioo tu.

Breki: Kama mimi kabla ya kahawa ya Da Zule.

Huyo Breki ni Tariq, kijana wa bodaboda. Tunamwita hivyo kwa sababu hana, si kwenye pikipiki wala mdomoni.

Mnara: Imeandikwa hapa, someni wenyewe. Ikianza, kamera hairekodi mpaka imalize. Na usizime kitu, usiguse kitu. Ukigusa katikati, kamera inakufa na haifufuki.

Redio: Aiya! Mnara, mimi sikatai. Lakini unajua nyumba yangu iko na nini.

Tulijua sote. Redio ni Syokau, muuza vitambaa sokoni, na jina hilo alilipata kwa sababu habari ikimfikia asubuhi, mchana imeshafika Masii. Sebule yake ilikuwa imejaa vyondo, vile vikapu vya Ukambani, mpaka dirishani. Akina mama wa kikundi kimoja cha Mwala, wakiongozwa na mama yake mzazi, Nzembi, walivisuka tangu mvua ilipokatika, kwa mkonge waliousokota kwenye mapaja yao wenyewe, na Jumatatu gari la mnunuzi lingekuja kuvichukua. Walimkabidhi Syokau kwa sababu ana nyumba mjini, yenye geti na kamera. Kamera yenyewe alikuwa ameitoa nje akaigeuza iangalie ndani, vyondo tu, usiku na mchana. Hakuna hata kimoja kilichokuwa cha mtu wa Mikuyuni. Lakini vikipotea, Syokau asingekanyaga Mwala tena, na Nzembi asingekuwa na uso wa kukaa na wenzake.

Mwenyekiti: Ni kwa sababu hiyo, mwaitu, mama yangu! Juzi kamera yako si ilikwama?

Redio: Ilikwama. Ikaonyesha picha ya asubuhi mchana kutwa.

Mwenyekiti: Sasa vyondo vya mama zetu vitalindwa na kamera iko na usingizi?

Redio: Hapana. Lakini si tungeanza na moja, tuone vile itafanya?

Mwenyekiti: Moja? Moja? Kule Mwala bwawa lilijengwa na jembe moja? Mwethya hakuna wa mbele, hakuna wa nyuma. Filimbi ikilia, vidole vyote chini!

Redio akaitoa simu yake. Na mimi, nisijifanye mjuaji, nilipiga makofi kuliko wote. Nilikuwa nimeshaona jinsi nitakavyoisimulia hadithi hii kwa wale wanawake wa mtaa wa juu wanaojiona kwa sababu wana lami.

Simu zikapangwa juu ya benchi, yangu ikiwamo, zimeegemezwa kwenye makopo ya sukari na vipande vya mbao, vioo vikitutazama. Mnara akapita akihakikisha hakuna itakayozima mwanga. Mwenyekiti akapuliza filimbi. Vidole vyote vikashuka. Kwenye kila simu pakatokea kiduara kinachozunguka, na picha za nyumba zetu zote zikawa nyeusi kwa pamoja. Watu walishangilia kana kwamba timu yetu imefunga bao.

Nikaanza kumimina kahawa. Kiduara kilizunguka. Watu wakanywa, nikamimina tena. Kiduara bado.

Breki: Mnara, hii kitu imelala ama?

Mnara: Haijalala. Zote zinavuta kwa laini moja, ya kwangu. Ni kama kunywesha ng'ombe wa kijiji kizima kwa ndoo moja.

Breki: Sasa hiyo mzigo yote inavuta ni ya nini?

Mnara: Ni ya kuziba. Kamera ikizeeka inakuwa na mashimo, watu wabaya wanaingia kupitia huko kwa hewa. Apdeti inaziba.

Mwenyekiti: Kuziba tu haiwezi kuchukua muda hivi. Mimi nitawaambia. Hii kamera inafundishwa. Ilitengenezwa mbali, huko haijawahi kuona mtu wa Ukambani. Mnakumbuka kuku ya Wathome?

Tulicheka. Kuku wa Wathome, jirani yangu wa ukuta mmoja, alikuwa akipita mbele ya geti kila alfajiri, na kila alfajiri simu ililia: mtu ameonekana. Wathome mwenyewe akipita, kamera ilinyamaza.

Redio: Iliona kuku iko na heshima kuliko yeye.

Mwenyekiti: Basi! Sasa inafundishwa. Huyu ni kuku, huyu ni Wathome, huyu ni shemeji ya Wathome amekuja kukaa bila kuambiwa.

Breki: Mzee, hiyo ni kidogo. Mimi nimeskia hizi mpya zinasoma mtu vile anatembea. Mwizi akiingia mtaa, kamera inaangalia miguu, inajua huyu anakuja kuiba.

Redio: Na kama hajaamua bado?

Breki: Inajua kabla ajue. Anashtukia amerudi kwao na hajui ni kwa nini.

Mnara: Eka, acha hiyo, Breki. Kitaalamu, itajua baada ya kuamua. Si kabla.

Hapo ndipo ninapompenda Mnara: hata uongo anataka uwe na mpangilio.

Redio alikuwa akikiangalia kiduara cha simu yake bila kupepesa. Nikamwongezea tangawizi, naye akaanza kuongea, kwa sababu Redio akiwa na wasiwasi hawezi kunyamaza.

Redio: Mnajua mimi naona nini? Hii kamera imeenda kwa wenyewe kutoa ripoti. Ndiyo maana ni nyeusi. Haiko. Imeenda kuwaambia yote imeona.

Watu waliacha kunywa. Kila mtu alikuwa anakumbuka yake.

Breki: Yote yote?

Redio: Yote. Mimi nacheza nikipiga pasi. Imeniona.

Mwenyekiti: Mimi huoga nje wakati maji ya tangi iko na joto.

Breki: Mzee, hiyo tulikuwa tunajua bila kamera.

Nilidhani wataona haya. Sikuwa nimewajua watu wangu vizuri. Mwenyekiti aliweka kikombe chini, akasimama, akavuta suruali juu.

Mwenyekiti: Na waone! Kwani tuna nini ya kuficha? Wataona geti limepakwa rangi. Wataona uwanja umefagiwa mpaka mistari ya ufagio inaonekana. Wataona mapazia ya mwaitu Syokau, meupe hivi.

Redio: Nilifua Alhamisi.

Mwenyekiti: Alifua Alhamisi! Mkubwa wao huko ataita wengine. Kujeni muone mtaa. Kujeni muone watu.

Mnara: Na ndiyo maana inachukua muda.

Breki: Wanarudia.

Mwenyekiti: Wanarudia! Wanaona ile siku tulisukuma gari ya maji ikipanda kilima, mtaa mzima, hata mama wajawazito walisukuma kwa maneno. Kwao wanaona hiyo wapi?

Mnara: Kitaalamu, sasa nimeelewa. Hawatufundishii kamera. Wanatumia sisi kufundisha kamera zingine. Wakimaliza, kamera za dunia yote zitajua mtaa mzuri unakaa vile Mikuyuni inakaa. Mtu wa Brazili ataamka asubuhi, geti lake limwambie, ndugu yangu, fagia.

Breki: Na limsalimie kwa Kikamba.

Mnara: Litamsalimia. Kwani kuna shida gani?

Hata aliyekaa kwenye tairi la nyuma kabisa alikuwa amekaa wima. Upepo wa kutoka vilima vya Iveti ulikuwa umeanza kushuka, na watu wa mitaa mingine waliokuwa wakipita na mizigo ya sokoni walipunguza mwendo kutuangalia: mtaa mzima, watu wazima kwa vijana, umelizunguka benchi la simu kama watu wanaoangalia mtoto anayejifunza kutembea. Nilijisikia vizuri sana. Nilisema moyoni, waangalie, waende wakasimulie.

Ndipo akaja yule msichana.

Alikuwa anashuka kutoka juu, kutoka mtaani kwetu, na godoro lililofungwa kamba kichwani na begi mkononi. Alikuwa ametoka jasho. Akasimama mbele yetu, akasalimia wazee kwanza, vizuri, mpaka nikampenda.

Msichana: Habari zenu. Mimi naitwa Peris. Nimepanga chumba ya nyuma kwa Mama Syokau. Tuliongea kwa simu.

Redio: Ni mimi, mamaa! Karibu. Ulisema unahamia kesho.

Peris: Nilipata gari leo. Nimekupigia sana, simu haishikwi.

Redio: Simu iko kwa kazi. Usiiguse, iko kwa kazi.

Peris: Sawa. Bodaboda aliniacha huko juu kwenye nyumba ya kwanza. Nimepiga hodi kila geti mpaka mkono umechoka. Zingine hata hazijafungwa. Nikafika kwa nyumba ya bluu, mlango uko wazi kabisa, ndani kumejaa vyondo mpaka juu. Nikaita, nikaita, hakuna mtu. Nikaurudisha mlango nikashuka.

Redio alishika benchi.

Redio: Mlango ulikuwa wazi?

Peris: Wazi, mama.

Redio: Nilisikia filimbi ya kuitwa. Nilitoka mbio. Nilikuwa natafuta chaja, nikasikia filimbi, nikatoka.

Peris akatuangalia. Akaangalia zile simu, picha zote nyeusi, viduara vyote vikizunguka. Hakuwa na ubaya wowote, alitaka tu kuelewa anakohamia.

Peris: Kwani hizi si ndizo zinaangalia nyumba? Sasa zimezimwa zote, na nyinyi wote mko hapa. Huko juu ameangalia nani?

Mnara aliangalia simu yake ya kwanza, kisha ya pili, kana kwamba jibu linaweza kuwa limetumwa huko. Breki alikuwa na kikombe mdomoni na hakunywa wala hakukishusha. Mwenyekiti aliivua filimbi shingoni. Uso wake ulikuwa umebadilika. Sikuwahi kumhurumia Ngui kabla ya siku hiyo, kwa sababu hajawahi kunipa nafasi. Ni yeye aliyetaka mwethya. Ni yeye aliyepuliza filimbi iliyomtoa Syokau nyumbani na mlango wazi. Na Nzembi anamwita yeye mwanangu kila akishuka Machakos.

Mwenyekiti: Twendeni.

Kwa mara ya kwanza tangu arudi kutoka kiwandani, hakusema kwa sauti kubwa. Lakini mtaa mzima uliondoka kwa mpigo mmoja, sijawahi kuona jembe likishuka hivyo. Breki aliisahau pikipiki yake hapo hapo na kukimbia kwa miguu. Mnara aliacha kibanda wazi, matairi yakitembea yenyewe barabarani. Redio alivua viatu. Wakapotea kwenye mikaratusi, na vumbi likabaki.

Mimi nilitaka kukimbia. Nilishatoa hatua, nikakumbuka simu. Zote zilikuwa pale, na barabara kubwa inapita mikono mingi. Nikarudi nikasimama mbele ya benchi na koleo la makaa mkononi, nimekasirika: kwa Mwenyekiti na filimbi yake, kwa Redio na chaja yake, na kwangu zaidi, kwa sababu nilikuwa nimekaa hapo nikimimina kahawa na kujisifu, na akina mama wa Mwala wako kwao wameketi, wanatuamini. Peris alisimama karibu yangu, godoro bado kichwani.

Nadhani tulipoacha kuziangalia ndipo zikaamua. Kiduara cha simu ya kwanza kikasimama. Picha ikafunguka, safi kuliko nilivyowahi kuiona. Ilikuwa geti la Mwenyekiti, nikamwonyesha Peris. Lilikuwa wazi, na hakukuwa na mtu.

Peris: Huyu si ndiye alikuwa mbele?

Ikafunguka ya Mnara. Mlango wa jikoni unapigwa na upepo. Hakuna mtu. Ya Breki, nguo kwenye kamba, ndoo imeanguka, hakuna mtu. Ya Wathome. Ya jirani mwingine wa Wathome. Ya kwangu mwenyewe, dirisha nililoliacha wazi. Moja baada ya nyingine zikafunguka, uwanja mtupu, uwanja mtupu, mistari ya ufagio kama Mwenyekiti alivyosema, na hakuna hata mguu mmoja wa binadamu.

Peris: Mbona hawafiki kwao? Wamepotelea wapi?

Nilikuwa naanza kuogopa. Nilidhani wamekutana na kitu njiani. Simu ya Syokau ilikuwa ya mwisho, kiduara chake kikienda polepole kuliko vyote, nami nikawa nakiombea dua kama mtu aliye hospitalini.

Kikasimama.

Vyondo vilikuwa pale. Vyote, mpaka dirishani, hakuna rundo lililoinama, vile vya rangi ya udongo chini na vile vya zambarau juu kama Syokau alivyovipanga. Na katikati yake, kwenye sebule ambayo watu wanne wakikaa mmoja hukaa kwa pembeni, ulikuwapo mtaa mzima wa Mikuyuni. Mnara kichwa chake kinagusa taa. Breki yuko chini ya meza, anatazama kama kuna kilichobingirika. Wathome amesimama dirishani ameziba mwanga. Watu wa nyumba za chini kabisa, ambao walipita mageti yao wenyewe yaliyo wazi ili wafike hapo, wamejibana ukutani wakihema. Mwenyekiti amekaa kwenye kizingiti, mgongo kwa vyondo, uso kwa nje, miguu ameinyoosha kuziba mlango wote, na ilionekana wazi kwamba hapo hatatoka mpaka gari la Jumatatu lifike. Na Syokau alikuwa sakafuni, amekumbatia kiondo kimoja, analia au anacheka, kamera hiyo yenye akili mpya haikuweza kunitofautishia.

Mimi nililia. Sioni haya kusema. Nimekaa kwenye kona hii maisha yangu yote, nimesikia watu wakijisifu juu ya kila kitu chini ya jua, na siku hiyo fahari ilinijaa kifuani hadi nikashindwa kuinua birika.

Peris alikuwa bado anaangalia zile simu nyingine. Mageti wazi, milango wazi, moja baada ya nyingine, na upepo.

Peris: Na nyumba zao, mama? Nani ameangalia zao?

Nikamsaidia kushusha godoro, nikalilaza kwenye benchi pembeni ya simu, nikammiminia kahawa. Akakaa. Tukaanza kuziangalia sisi wawili, geti moja baada ya jingine.